Moshi Miguuni pa Shemeji

Kwa miaka minne, hakuna harusi iliyofana katika ukumbi ule bila Wingu. Ndivyo walivyomwita, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwasha makopo ya moshi wa rangi maharusi wanapoingia. Mpiga video alitaka moshi utulie, kwa hiyo Wingu alizima feni na kufunga madirisha. Makopo mawili aliyaweka miguuni pa wapiga tarumbeta, mahali palipopendeza zaidi kwenye picha. Aliyesimama katikati yao alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Kila kopo lilikuja na karatasi iliyoandikwa kwamba litumike nje tu, na moshi wake usivutwe. Karatasi hiyo Wingu aliibandua nyumbani, ili mwenye ukumbi asiione. Akishawasha, alitoka kwa mlango wa nyuma na kusubiri uani. Shemeji hakuwa na pa kutokea. Mpiga tarumbeta lazima avute pumzi hadi chini kabisa, naye aliivuta, wimbo baada ya wimbo.

Kikohozi kilianza kama mzaha.

"Shemeji, siku hizi tarumbeta linakushinda?" Wingu alimtania.

"Muulize dada yako. Ndiye aliyenizeesha."

Kisha kifua kikaanza kumbana, hata kulala akalala ameketi. Dada akamwomba Wingu ampeleke mumewe zahanati. Daktari aliuliza kama kazini kuna moshi au vumbi. Kabla mgonjwa hajafungua kinywa, Wingu akadakia, "Hapana, daktari. Huyu ni mwanamuziki."

Wakarudi na dawa ya kikohozi.

Jumamosi iliyofuata, Wingu aliwasha makopo pale pale. Katikati ya wimbo, tarumbeta moja likanyamaza. Alipochungulia kutoka uani, shemeji alikuwa amepiga magoti, midomo imebadilika rangi, na wageni wanashangilia wakidhani ni mbwembwe.

Usiku huo shemeji alilazwa zahanati, akipumulia mashine ya oksijeni. Asubuhi Wingu alirudi zahanati na kopo ambalo hakulibandua karatasi, akaliweka mezani mbele ya daktari, shemeji akiwa kitandani anasikiliza.

"Amekuwa akivuta huu," alisema. "Miaka minne. Madirisha nilifunga mimi."

Daktari alisoma karatasi polepole. Akaeleza kwamba chembe za moshi huo, pamoja na kemikali zinazoupa rangi, hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyachoma. Sasa angebadilisha dawa. Pumzi nyingine ingerudi. Nyingine huenda isirudi.

"Ungeniambia siku ile," daktari alisema, akatoka kwenda kuandika.

Shemeji alimgeukia Wingu.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unatoka nje."

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi nikidhani unalinda vyombo."

Wingu alitamani atukanwe. Tusi lingempa la kujibu.

"Moshi siwashi tena," alisema.

"Hilo ni lako." Shemeji alitafuta pumzi. "Dada yako yuko hapo nje kwenye benchi. Tangu jana anajilaumu, ati ni jiko lake la mkaa ndilo lililoniua kifua. Nenda kamwambie. Mwambie yote, na ya kule uani."

Wingu alifungua mlango. Dada yake alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa.