Nyama Iko

Niseme upumbavu wangu mapema, kabla wengine hawajauongezea chumvi: mimi ndiye niliyeandika NYAMA IKO kwenye ubao wa baba, na niliandika makusudi, kwa kutaka kucheka.

Baba alikuwa amenipa maneno mengine: HAPA KIBOKO ANAONEKANA, KARIBUNI, HAKUNA KUWINDA. Maneno marefu mno kwa rangi iliyobaki kwenye kopo baada ya mlango wa kanisa kupakwa. Alinipa mimi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Hata prefe, mkuu wetu wa shule, anakiri, ingawa alikiri siku aliyokuta sura yake nimeichora kwenye ukuta wa choo.

Kiboko alikuwa mmoja tu. Zamani, baba anasema, mto wetu Luama ulikuwa nao wengi, wanawake hawachoti maji bila kupiga kelele kwanza. Vita vikapita, kila mwenye bunduki akapita na njaa yake, akabaki huyu mzee kwenye kona ya mto, chini ya shamba letu la muhogo, si mbali na Kabambare. Baba alimlinda miaka yote kwa ulimi. Aliyekuja na mkuki aliambiwa mnyama huyo ana pepo. Aliyekuja na bunduki aliambiwa amehama. Mimi nilimwita baba konservatere wa matope, kama wale wakubwa wa mbuga za wanyama, na darasa zima lilikufa kwa kicheko.

Kisha bwana mmoja wa mazingira akapita na pikipiki, akielekea Kasongo. Baba akampeleka mtoni. Yule bwana akapiga picha, akasema watalii wanapenda vitu kama hivi: pakiwa na njia safi, mahali pa kukaa na ubao, kiangazi angeleta wageni wa kwanza. Mimi sikuamini. Baba aliamini mpaka akakonda. Alifyeka njia peke yake, akafunga viti vinne vya mianzi vinavyotazama maji, akaanza kusema bonjour kwa sauti ya mwenye hoteli.

Sasa, kwetu nyama ni nyama, iwe inakimbia porini au inachemka kwenye sufuria. Neno ni hilo moja. Na kila mama anayepikia watu wa pikipiki kando ya barabara ana kibao chake: BUGALI IKO, NYAMA IKO. Basi nikachora kiboko mnene, nikaweka mshale wa kuelekea mtoni, na maneno mawili.

Nilingoja baba anifukuze na fimbo. Alisimama mbele ya ubao, akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Ni kweli," akasema. "Iko."

Akaenda kuupigilia misumari barabarani. Nilicheka nyuma ya jiko mpaka tumbo likauma. Mama, ambaye hakusoma, aliuliza tu kama ni mimi kweli niliyeandika, halafu akaenda sokoni ameinua kichwa.

Wiki ile wenye pikipiki walisimama kila siku. Mmoja aliuliza kama nyama yenyewe iko na pilipili. Nikamjibu bado inaoga. Ijumaa, nikitoka masomo, nikakuta wanaume wawili wa kwenda Salamabila wakitazama mshale, mzigo wao umefunikwa turubai.

"Mudogo, hii nyama iko wapi?"

"Iko ndani ya maji, yaya," nikamjibu, kama anayemwita kaka yake mkubwa. "Saa mbili ya asubuhi inatoka kuota jua. Musichelewe, mutakuta mifupa."

Walicheka. Mimi niliwazidi, maana sikujua turubai ilifunika nini.

Jumamosi tulikuwa shambani, baba na mimi, risasi zikalia mara tatu. Baba alibaki ameshika mche wa muhogo, kama anayejaribu kukumbuka unapandwa vipi. Ndipo akakimbia. Tulipofika, kijiji kilikuwa kimetutangulia na visu na mabeseni. Wengine walikalia viti vya mianzi wakinoa. Mmoja wa wale wawili alimwona baba, akamjia kwa heshima, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko.

"Aksanti kwa ubao, papa. Tungepita bila kujua."

Baba aligeuka akanitazama. Nadhani ndipo alipousoma ubao mara ya pili. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Akakaa hapo, akitazama maji mpaka watu wote wakaondoka na mafungu yao, na mto ukabaki kama darasa siku ya likizo. Tangu siku ile hajasema bonjour. Yule bwana wa mazingira ametuma salamu kwamba wageni ni wawili, nao wanauliza kama viti viko kivulini. Hakuna aliyemjibu.

Niliporudi nyumbani, fungu letu lilikuwa juu ya jani la mgomba, jirani amelileta, na nzi wamelifikia kabla yangu. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo wetu. Aliniuliza niliandika nini hasa pale. Nikamwambia. Nikamwambia na mshale, na saa mbili ya asubuhi, na kicheko cha nyuma ya jiko. Aliendelea kuchambua, jani moja moja, mpaka kikapu kikaisha. Halafu akasema:

"Na miye nilikwisha kuambia soko yote kama ni mutoto wangu aliandika."