Kocha Aliyerudi Kutujenga Upya

Kocha wetu alituacha kwa ujumbe wa simu. Mistari miwili tu: amepata timu yenye malengo huko Rayners Lane, anatutakia kila la heri. Sisi tulikuwa timu ya wanawake ya mpira wa magongo kusini mwa London, wengi wetu wauguzi na walezi wa wazee, katika daraja ambalo chini yake limebaki moja tu. Malengo yetu yalikuwa kupata watu kumi na mmoja Jumamosi.

Misimu miwili tukacheza bila kocha. Wengine walihama, mmoja akajifungua mapacha, na kuna siku tuliingia uwanjani tukiwa wanane. Kisha, Jumamosi moja ya Septemba, kwenye uwanja tunaokodi karibu na Tooting, kocha yule yule akatokea. Mhindi mzaliwa wa Nairobi, miaka sitini na kitu, suruali ya mazoezi imepigwa pasi mpaka ina mstari, ubao mweupe kwapani.

"Akina mama," akasema, "nimerudi kwa ajili yenu. Tunajenga upya."

Nahodha wetu, mwanamke wa Tanga ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alimwamkia kwanza. "Shikamoo, kocha. Na ulipoondoka, uliondoka kwa ajili ya nani?"

"Marahaba," akajibu kocha, na hilo swali akaliacha hapo hapo kwenye nyasi bandia.

Kujenga upya kulianza kwa kunibomoa mimi. Nilikuwa kipa kwa miaka tisa. Sikuwa kipa hodari, lakini nililijaza goli, na katika daraja letu hiyo ni nusu ya kazi. Kocha akaleta kipa mpya, mwanafunzi wa chuo kutoka Eldoret, miguu mirefu, magoti mapya kabisa. Mimi akanipeleka mbele nikafunge mabao.

"Kocha, mimi nina miaka arobaini na saba."

"Ndiyo maana. Hakuna atakayejisumbua kukukaba."

Alisema kweli. Mechi sita nilisimama mbele ya goli la wapinzani kama mgeni aliyekosea nyumba. Kwenye ubao wake nilikuwa sumaku nyekundu yenye kasi ya kutisha. "Tazama," alikuwa akisema, akiisukuma kwa kidole, "unakata kulia, unarudi ndani, unapiga." Sumaku haikuwa imetoka shifti ya usiku wodini. Mechi zote sita tulifungwa, na baada ya kila moja alituambia kazi ya ujenzi inaendelea vizuri. Binti yangu alikuja kutazama mara moja. Kiswahili changu anakielewa, ila hajibu kwacho; akaniuliza kwa Kiingereza kama nilikuwa mchezaji au refa.

Nikaamua kuacha. Baada ya mazoezi, mvua ikinyesha, nilimkuta peke yake akiokota mipira.

"Kocha, nimekuja kukuaga. Nimechoka."

Hakuinua kichwa. "Wale wa Rayners Lane hawakuniaga," akasema. "Nilifika mazoezini nikakuta kijana mwenye kompyuta. Aliwachorea mchoro, kumbe mchoro unasema mimi nimepitwa na wakati."

Nilimhurumia. Huruma ilidumu kama dakika mbili, mpaka aliposimama wima, akanitazama kiunoni, akaniambia chapati ndizo zinazonichelewesha. Nikaondoka, na Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nilirudi kwa hasira. Nilitaka kuwepo siku atakapoumbuka.

Hakuumbuka, na hilo bado linaniuma kulisema. Mbio alizokuwa akitukimbiza kila mazoezi, kama wanafunzi wa shule, zilianza kuzaa kitu. Januari tulishinda mechi moja, Februari mbili. Hata mimi nilifunga bao, ingawa mpira ndio ulionikuta gongo langu likiwa chini. Tulifika mechi ya mwisho tukihitaji sare tu ili tusishuke daraja.

Asubuhi hiyo kipa wetu alikuwa na mtihani. Kocha akanitupia vifaa vya kipa bila kunitazama. "Leo tu," akasema.

Zikiwa zimebaki dakika chache, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, wapinzani wakapata kona fupi: wao wanausukuma mpira kutoka mstari wa goli mpaka nje ya duara lililo mbele ya goli, kisha mtu wao anafyatua shuti. Kocha alikuwa pembeni akipiga kelele hadi mishipa ya shingo imemtoka. "Toka! Wakiusukuma tu, toka mbio umzibe!"

Magoti yangu yalisikiliza yakakataa. Nilibaki mstarini. Shuti likaja chini, likanigonga kinga ya mguu, likatoka nje. Filimbi ya mwisho. Hatukushuka.

Mchana tulikwenda kula kwenye mkahawa mmoja pale Tooting, waume na watoto wakiwemo. Kocha alisimama na glasi ya mango lasi, mtindi uliosagwa na embe, kuwaeleza waume zetu jinsi mechi ilivyookolewa. "Nilimwambia huyu mama, baki mstarini, usitoke hata hatua moja!"

"Kocha," nikasema, "uliniambia nitoke. Mbio."

Nahodha akaweka kijiko chini taratibu, akamgeukia.

Kocha alitafuna kilichokuwa mdomoni, akameza. "Nilijua hutanisikia," akasema, kisha akaomba apitishiwe pilipili.