Duka la Gari Moja

Ninafanya usafi katika duka jipya la magari Nyamasaria, lililojengwa ili gari la kifahari lisiuzwe tena karibu na pikapu. Jumanne alikuja mama kutoka Kombewa kuombea gari la mwanawe kabla halijawashwa, kama alivyoombea pikapu ya mwanawe huyo kwenye duka la zamani.

"Mama, huku anaingia mwenye gari pekee," mlinzi alisema.

"Mwenye gari si nimemzaa mimi?"

Mwanawe alimwona kupitia kioo, akainamia simu. Mama akabandika kiganja kwenye kioo, akaomba kwa Dholuo mpaka amina.

Meneja anasema gari la bei hiyo lazima liwe na nyumba yake. Labda. Aliniagiza nifute alama ya kiganja. Nilianza na vioo vingine vyote.