Dawa ya Ijumaa na Sendofu ya Tusekile

Jamani, aibu nyingine mtu huenda nayo kaburini, lakini hii yangu ilitoka kwenye spika nne kubwa, sasa nimfiche nani?

Mimi nina baridi yabisi, ile inayotafuna viungo (si uzee, ilinianza nikiwa na miaka thelathini na nane), na hospitali walinipa vidonge vya kunywa mara moja tu kwa wiki, kila Ijumaa. Nikanywa mwaka mzima, vidole vikalainika, nikarudi kuvuna mpunga wangu Bujonde kama msichana. Tatizo, kila Jumamosi tumbo linachafuka, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mashangazi tulifanya mazoezi ya kucheza kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga Tusekile, binti wa kaka yangu, kabla ya ndoa. Nikajiambia, si nimeshapona? Ngoja niruke wiki moja tu. Nikaruka, sikuumwa. Nikaruka ya pili, ya tatu, na ya nne nikasema sherehe ni kesho, nani anataka kichefuchefu na gauni jipya?

Siku yenyewe nikaamka mikono imevimba kama maandazi. Nikavaa hivyo hivyo, nikaenda ukumbini Ndandalo natabasamu. Mshereheshaji akanipa maiki isiyo na waya nijiandae kumpa bibi harusi nasaha, mara haja ikanibana, nikakimbilia choo cha nyuma nayo mkononi (kuizima nilishindwa, kidole gumba hakibonyezi), nikasukuma komeo kwa kiwiko. Kutoka sasa! Komeo lina kutu, vidole havishiki, navuta, nalia, navuta tena, nikaona bora niombe.

"Ee Kyala, Mungu wangu, nifungulie! Dawa nimeacha wiki nne, na nesi Subira wa kliniki nimemdanganya kwenye simu kwamba nakunywa. Na wifi yangu naye anisamehe, nilisema pilau lake lina mawe. Kweli lina mawe, lakini anisamehe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikatazama mkononi: kumbe maiki bado inawaka!

Kaka alikuja na nyundo, mlango ukang'oka, na nyuma yake wamesimama wifi na, lahaula, nesi Subira mwenyewe, kumbe ni mgeni wa upande wa bwana harusi!

"Gwe, wewe wifi," wifi akasema, "mawe yangu leo utayala."

Subira hakucheka. Alinishika vidole kimoja kimoja, polepole. "Dada, ulipojiona umepona, dawa ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Haitulizi maumivu tu, inazuia viungo visiharibike, na kiungo kikishaharibika hakirudi kama zamani. Hicho kichefuchefu si ungetuambia?"

Hapo nilitaka kulia kwelikweli, maana mikono hii ndiyo shamba langu.

Nasaha nilitoa, Tusekile akiwa amenishikia maiki: "Mwanangu, ukiumwa usimfiche mumeo, mwisho utatangaza mwenyewe." Vigelegele hivyo!

Jumatatu nikaenda kliniki, wakanipima damu, wakapiga picha za vidole. Havijaharibika, ndaga Kyala, asante Mungu. Daktari akanirudishia dozi na kunipa kidonge cha kutuliza tumbo. Tangu hapo sijaruka Ijumaa hata moja, na siruki tena kwa akili zangu mwenyewe. Tumbo likichafuka nalala, mpunga utanisubiri.