Karnesheni Mbili za Nunziata

Nunziata Palomba alitua Moscow na begi moja la nguo na kisanduku kimoja ambacho hakukubali mtu amshikie. Hata msalani ndani ya ndege alikwenda nacho. Humo mlikuwa na pini za kifuani alizozichora na kuzichonga mwenyewe: vikonyo vya dhahabu, na juu yake karnesheni mbili za marijani nyekundu, maua yale yenye ncha za kuchanika-chanika kama kitambaa kilicholiwa na nondo, yameinamiana kama watu wanaosengenya.

Kwao Torre del Greco, kando ya bahari chini ya mlima wa moto, marijani ilichongwa tangu enzi za babu wa babu zao. Siku hizi wachongaji wamebaki wachache, na wanunuzi wachache kuliko wachongaji. Karakana ya akina Palomba ilikuwa na meza moja tu inayofanya kazi, na meza hiyo ilikuwa ya Nunziata.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya urithi, nusu yake, nusu ya mdogo wake Catello. Catello alitaka kutia vitanda na bafu, apangishe watalii wanaokuja kushangaa magofu. Waligombana mpaka majirani wakajua nani kasema nini. Mwisho wakapatana. Nunziata aende Urusi kwenye uzinduzi wa pini zake. Akirudi na oda ya Rimma Lvovna, mwenye maduka ya vito huko, meza inabaki. Akirudi mikono mitupu, vitanda vinaingia.

"Nitakungoja mpaka urudi, dada," Catello alisema siku ya safari, akimsukumia begi kwenye treni. "Neno langu hilo."

"Neno lako nalijua. Hata mkeo wa kwanza ulimpa."

Moscow alipokelewa na wawili. Wa kwanza alikuwa Vadim, wakala wake, mwanamume wa suti ya kubana anayevaa viatu bila soksi Oktoba ile, baridi inang'ata. Wa pili alikuwa mkalimani, Zinaida Arkadyevna, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya sigara, ambaye tangu uwanja wa ndege alimwangalia Nunziata koti lake na kusema, "Hilo ni koti au shela?" Wakapendana hapo hapo.

Uzinduzi ulikuwa ndani ya kiwanda cha zamani kilichogeuzwa ukumbi wa watu wa mitindo. Asubuhi ya siku yenyewe, mafundi wakiwa bado wanapandisha taa, Nunziata alitandika mahameli nyeusi juu ya meza, akapanga pini zake mojamoja, akarudi nyuma kidogo kuzitazama. Nyekundu ilikuwa inawaka. Ukutani, kwa herufi za dhahabu, Vadim alishabandika jina la toleo: WACHUMBA. Nunziata mwenyewe ndiye aliyelichagua.

Zinaida aliingia na bilauri mbili za chai ya limau. Akaisogelea meza. Akasimama.

"Mungu wangu," alisema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kwani vipi?"

"Ua la pili la nini hapo?"

"La kumpa mwenzake kampani. Zinaida, unanitisha bure, weka chai chini."

Zinaida aliweka chai chini, na alipoanza kusema utani ulikuwa umemtoka. "Sikiliza, shoga yangu. Kwetu huku aliye hai humpi maua mawili. Humpi manne, humpi sita. Unampa moja, unampa matatu, unampa matano. Ya jozi ni ya maiti. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Na wewe hukuleta waridi basi tuseme tutaficha. Umeleta karnesheni nyekundu, ua la mazishi! Mbilimbili! Juu ya kitambaa cheusi! Bado picha yangu na mshumaa tu, nilale."

Nunziata alicheka. Halafu alimwona fundi mmoja wa taa, mtu mzima, aliyeteremka ngazi akapita karibu na meza, akavua kofia.

Vadim aliitwa. Alipofika na kuona, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mchoro ulioniletea ulikuwa na ua moja!"

"Nikaongeza la pili."

"Bila kuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwetu ua moja ni zawadi ya bahili. Ukimpelekea msichana ua moja, mama yake anakutupia usoni. Nilidhani nawapendelea."

"Ungeuliza!"

"Nani anauliza watu kama wanataka nyongeza, Vadim? Wewe ukiongezewa nyama kwenye sahani unapiga simu?"

"Na wachumba wako ndiyo hao," Zinaida aliingilia, akitazama herufi za ukutani. "Wamefunga ndoa makaburini."

Rimma Lvovna alikuwa anakuja mchana huo, na alikuwa anakuja mara moja tu. Mwanamke yule hakuwa na desturi ya kurudia kutazama kitu.

Nunziata alifungua mkoba akatoa koleo na tupa, maana sonara hasafiri bila vyombo vyake. Akavuta kiti. Akachukua pini ya kwanza, akaigeuza kwenye mwanga, akatafuta mahali vikonyo viwili vilipoachana, akabana. Ua la pili likaanguka mapajani mwake. Lile alilichonga akiwa na homa, dirisha wazi, Catello anapita nje na mtu wa kupima vyumba. Hakulitazama mara mbili. Akachukua pini nyingine.

Maua mengine yalitoka mazima. Mengine yalipasuka, kwa sababu marijani haina huruma na mkono wa haraka. Zinaida alikuwa akiyaokota na kuyatia kwenye bilauri tupu ya chai. Kilichobaki kwenye kila pini ni ua moja na kisiki cha dhahabu pembeni. Nunziata alivipiga tupa visiki vile mpaka vidole vikafa ganzi, lakini saa zilikuwa zimekwisha. Vadim alishaanza kuwafungulia wageni.

Wakaja watu na divai yao na manukato yao. Wasichana warefu wakapita na pini kwenye mabega, muziki ukapiga, kamera zikamweka. Mwandishi mmoja wa gazeti la mitindo alisema ni kitu safi, kipweke, cha kisasa. Vadim alimkonyeza Nunziata. Kwa muda mfupi mwanamke wa watu alianza kupumua.

Rimma Lvovna aliingia bila kelele, mama mnene wa koti la manyoya ya kijivu, sauti ndogo kiasi kwamba watu wote walilazimika kumwinamia. Alichukua pini moja, akaiweka kiganjani, akaipapasa kwa kidole gumba. Nunziata aliona kidole kile akajua amekutana na mtu wa kazi. Wasioijua wanatazama kwa macho. Kidole kilipita juu ya petali taratibu, kikashuka kwenye kikonyo, kikasimama.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Ndiyo mtindo wenyewe, Rimma Lvovna," Vadim alirukia. "Ni nafasi. Ni ukimya. Ulaya yote sasa wanaacha hivyo."

Zinaida alimfasiria Nunziata sikioni, swali na jibu lake. Ilibaki Nunziata atikise kichwa tu, akubali. Lakini kisiki kile hakikusuguliwa vizuri, na katika ukoo wa Palomba hakuna aliyewahi kupeleka kazi mbaya kwa mtu akaiita mtindo.

"Mwambie lilikuwepo la pili. Nimelikata leo asubuhi."

"Nifasiri hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Vadim alifumba macho. Zinaida akafasiri. Rimma Lvovna alimtazama Nunziata kwa muda, bila hasira. Akatazama ukutani kwenye jina la WACHUMBA, akatazama ua lililobaki.

"Kwa hiyo huyu ni mjane," alisema. "Mama, mimi nauza kwa mabibi harusi. Siwezi kumvika bibi harusi mjane kifuani." Akairudisha pini juu ya mahameli, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Mikono yako ni mizuri sana. Mwakani niletee ua lililozaliwa peke yake."

Akaenda zake, na manyoya yake, na wale waliokuwa wakimwinamia wakaondoka naye.

Nunziata alitoka kwenye korido akampigia simu Catello. Alikusudia kudanganya. Angesema wamependa, wanafikiria, apewe muda hadi Pasaka.

"Catello mdogo wangu! Wamependa sana..."

"Vizuri, dada, vizuri!" Alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake kitu kilikuwa kinanguruma.

"Hiyo kelele gani?"

"Televisheni."

Televisheni ikanyamaza. Sauti ya mwanamume ikasema, karibu kabisa na simu, "Bosi, hii meza haipiti mlangoni. Tuivunje?"

Kwenye korido ya Moscow bomba la joto lilikuwa linagonga kando ya ukuta.

"Catello."

"Dada, nisikilize. Fundi alipata nafasi wiki hii, wiki ijayo hana, nikaona hata hivyo..."

"Haipiti mlangoni kwa sababu ilijengewa humo humo. Waambie wasiivunje. Wakate miguu."

"Dada, wameshaanza."

Nunziata alikata simu. Zinaida alimkuta amesimama akiegemea bomba lile la moto, mgongo wote, kama anataka limuunguze.

"Amesemaje mdogo wako?"

"Amesema ni televisheni."

Zinaida alivua shali yake akamtupia mabegani, akawasha sigara chini ya kibao kinachokataza sigara. Ndani ya ukumbi walikuwa wameshaanza kushusha herufi za dhahabu.

"Kesho kuna maonyesho mengine mjini," alisema. "Vadim anasema si lazima. Utakuja?"

"Nitakuja," Nunziata alisema. "Niende wapi?"