Neno Ambalo Filamu Haikulinasa

Wendell Kolar alikuwa mtu mkubwa wa mwili aliyetembea kama anayeogopa kuvunja kitu. Alifanya kazi kwenye maghala ya mahindi hapa Prosek, Nebraska, kwa miaka arobaini na mitatu. Akiingia mkahawani kwa Ardith asubuhi, alisimama kwanza mlangoni aone nani kakaa wapi, kisha akaenda zake pembeni na kahawa yake. Wageni walidhani ana kiburi. Hakuwa nacho. Alikuwa anasubiri mtu amtupie neno, na mara nyingi lilikuja.

"Wendell, umefunga mlango? Usije ukampitisha mtu tena."

Wanacheka. Naye anatabasamu kidogo, anakunywa kahawa yake.

Lililompata lilitokea Jumamosi alasiri, Novemba 1978, tukiwa na miaka kumi na saba. Timu ya shule yetu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kukumbana na kubeba mpira mikononi, ilikuwa imebakiza mechi hii moja kufika fainali ya jimbo. Garth Lindquist ndiye aliyekuwa kwotabeki, mwenye kupokea mpira na kuutupa mbele. Sisi wa ukuta tulikuwa watano, na kazi yetu ilikuwa kumkinga asifikiwe kabla hajautupa. Mimi, Emil Vavra, nilikaa katikati, nikimpa Garth mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yangu. Wendell alikuwa mwisho kushoto, upande ambao Garth akijiandaa kutupa huwa ameupa mgongo. Hakuna aliyewahi kupita kwa Wendell msimu ule. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeshamwahidi nafasi, na Darlene, dada yake Garth, alikuwa mpenzi wake, akivaa pete ya Wendell shingoni kwenye mkufu.

Zilibaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi nne. Kocha Stroud alikuwa ameagiza Wendell amkabe mtu wa pembeni wa timu pinzani. Lakini tulipojipanga Garth akaona kitu upande wa pili, akabadili. "Shaba, shaba," akasema nyuma yangu. Neno hilo sote tulilijua: ukuta ugeukie ndani, mtu wa pembeni aachwe makusudi, na Garth autupe mpira upesi kabla hajafikiwa. Kwa kuwa uwanja ulikuwa na kelele, kulirudia lile neno ilikuwa kazi yangu. Nikageukia upande wa kushoto, nikasema, "Shaba." Wa kulia hawakusikia. Duane, aliyekuwa kati yangu na Wendell, alisikia. Wendell alisikia. Akageukia ndani kama alivyotakiwa.

Garth hakuutupa. Alikuwa anamngoja mwenzetu mmoja afike mbali zaidi. Mtu wa pembeni alikuja mbio bila kuguswa na yeyote, akamkumba mgongoni. Nilisikia mlio ambao mpaka leo siwezi kuusimulia.

Alizinduka siku ya kumi na moja. Shingo ilipona vibaya, miguu ikawa ya kukokota, mkono wa kulia haukuinuka tena. Na kuhusu siku ile, hakukumbuka chochote baada ya kifungua kinywa.

Jumatatu, Garth akiwa bado amezimia, Kocha alituonyesha filamu ya mechi. Filamu zetu hazikuwa na sauti. Ukiitazama, unamwona Wendell akigeuka na kumpisha mtu, basi. Kocha akaisimamisha.

"Kolar, unakwenda wapi hapo?"

Wendell akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nilikosea, Kocha," akasema.

Mama yake Garth alikuwa akilala kwenye kiti hospitali, na mji mzima ulikuwa unamwombea. Kusema wakati huo kwamba kosa lilikuwa la Garth niliona ni ukatili. Nikajiambia nitasema akipona. Duane, ambaye naye hakusema, alihama na wazazi wake kwenda Oregon Krismasi ileile. Nikabaki peke yangu na neno langu, na kila wiki iliyopita ikafanya wiki iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Wazee walibishana majira yote ya baridi.

"Ukuta ndio uliommaliza yule mtoto."

"Naye alikaa na mpira kama anangoja basi."

"Ataona vipi, mtu katokea mgongoni?"

"Na aliyemwachia ni nani?"

Ubishi uliishia hapo kila mara. Chuo kikaacha kupiga simu. Darlene alimrudishia pete kwenye ngazi za kwao. "Sikuchukii, Wendell," alimwambia. "Lakini nikikuona wewe, namwona Garth chini." Akaolewa Kansas City. Wendell hakuoa.

Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda kwa Garth kumkatia majani, na vuli ikiingia alimfungia madirisha ya nje ya kuzuia baridi. Mwaka mmoja nilikuwapo, nimemshikia ngazi. Garth alikuwa amekaa barazani na blanketi magotini.

"Sikiliza, ndugu yangu," Garth akasema kwa upole, "mimi nilishakusamehe zamani."

"Asante, Garth," akajibu Wendell, akaendelea kukaza skrubu.

Nilimwambia Wendell mwaka 2009, mchana wa mavuno, tumekaa kwenye lori langu tukingoja zamu ya kupima mahindi.

"Wendell. Siku ile, lile neno nililisema."

"Najua. Si nililisikia kwako?"

"Mbona hukunitaja?"

Alifuta vumbi kwenye magoti yake. "Nilikungoja useme. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku, Emil. Simu ikilia, nadhani ni wewe. Baadaye nikaacha."

"Nitamwambia Garth leo hii."

"Usimwambie. Ana nini kingine yule? Anaamka kila siku akijua ameumizwa na mtu. Unataka aamke akijua amejiumiza mwenyewe?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshaishi," akasema, akafungua mlango, akateremka.

Moyo wake ulisimama Februari mwaka 2022, akizoa theluji mbele ya nyumba yake. Darlene alikuja mazishini, nywele zote nyeupe. Tukiwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu wakila mikate ya nyama, nilimvuta kando nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameshika sahani yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, Darlene."

"Na ulipokuwa na thelathini?"

Akahamishia sahani mkono wa pili.

"Nilikuwa nimeshazaa watoto wawili," akasema, "na bado nikimpita mtu mkubwa wa mwili barabarani nageuka kutazama." Akaweka sahani juu ya piano, akachukua koti lake, akatoka. Nimemwandikia barua tatu. Hajajibu.

Garth alizikwa Mei iliyopita, kwa hiyo hakuna tena wa kumficha. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa kinyozi Leonard, ambako walikuwa wamekaa watu sita, nikasimama katikati nikasema: Wendell hakukosea. Garth alibadili mchezo, mimi nikalirudia neno lake, Wendell akatii, nami nikanyamaza miaka arobaini na zaidi.

Leonard alizima mashine yake.

"Kwa hiyo kosa ni la Garth," mmoja akasema.

"Hapana, alibadili vizuri. Alichelewa tu kutupa."

"Atachelewaje? Ukuta wowote wa maana unampa sekunde tatu."

"Kwa 'shaba' hupewi sekunde tatu, bwana, hupewi hata mbili."

Hakuna aliyetaja jina la Wendell. Nilichukua kofia yangu, nikawaacha wakibishana.