Salamu Tuliyoizuia

"Mutu asiyesalimiwa atajibu nini?"

Nakumbuka niliulizwa swali hilo Jumamosi moja mjini Rumonge, nikiwa mwaka wa tatu chuoni Bujumbura. Hadi siku ile, mimi ndiye niliyekuwa na swali kwa kila mtu. Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo ingawa tumepishana miaka michache tu. Wewe unaingia leo katika kikundi chetu cha majadiliano, na mimi ndiye mkongwe aliyebaki.

Kikundi utakizoea. Kila Alhamisi wanafunzi wa udaktari, saikolojia, lugha na kompyuta hukaa pamoja kujadili jinsi ubongo unavyofikiri. Mwaka ule tulikuwa tunasoma habari za watu waliopoteza maneno baada ya kiharusi. Nikaropoka, kama kawaida yangu, kwamba Bibi yangu wa Rumonge, mama yake baba, yuko katika hali hiyo kwa miezi minne sasa. Didier, aliyekuwa akisomea udaktari, akafunga daftari lake na kuniangalia.

"Twende tumupime," akasema.

Tukapanga vitu vya kumwonyesha ili tujue amebakiwa na lugha kiasi gani. Kisha Didier akaongeza jambo. "Tusimusalimie. Salamu, dua, kuhesabu, vyote hivyo vinatoka vyenyewe hata ubongo ukiumia. Tukianza na salamu tutafikiri anaongea, kumbe ni kasuku."

Kwa sayansi hakukosea sana. Lakini mimi ndiye niliyekubali, na mimi ndiye niliyelelewa katika nyumba ile.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tuliingia kwa Bibi vijana wanne. Bibi alikuwa ameketi sebuleni, amevaa kitenge cha Idi na mtandio mweupe. Akatutazama mmoja mmoja, midomo ikimcheza. Hatukusema neno. Nadine, wa saikolojia, akapanga mezani ufunguo, kijiko na chupa ya mawese.

"Hii ni nini?"

Bibi aliitazama chupa ile ya mafuta, yeye aliyekamua mawese kijijini Kizuka tangu usichana wake. Kisha akanitazama mimi. "A... a..." Didier akaandika. Tukaanza kumjadili kwa Kifaransa palepale, kana kwamba ametoka. Tulipofika kitu cha sita, alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake.

Bibi Mwajuma, mdogo wake aliyekuwa akimtunza, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Mumemaliza kupima?" akauliza. "Basi mutuambie, iko kilo ngapi?"

Didier akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nikaanza kueleza habari za salamu, za kasuku, za ubongo. Bibi Mwajuma alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuuweka chini ungo wake.

"Mutoto yangu, mumeingia kwa mutu mukubwa kama mbuzi wanavyoingia. Yeye hawezi kuanza, ninyi ndio mumekuja. Mutu asiyesalimiwa atajibu nini?"

Alhamisi iliyofuata tulisoma ripoti yetu: hakuna lugha iliyobaki. Tulipigiwa makofi. Lakini Bibi, ambaye hadi siku tuliyompima alikuwa akijaribu maneno na mdogo wake kila asubuhi, aliacha kujaribu.

Nikaanza kwenda peke yangu kila Ijumaa. Nilisimama mlangoni, nikasema asalam aleikum, nikangoja. Ijumaa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano aliniitikia kwa sauti ndogo, nami sikujali tena kama imetoka kwenye akili au kwenye mazoea. Maneno mengine hayakurudi.

Mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Wahoji walimu, vihoji vitabu, nihoji na mimi. Ila kila unayetaka kumsoma ana nyumba yake, na wewe ni mgeni humo. Msalimie. Mwambie kilichokuleta, ungoje akukaribishe, hata kama umesoma mahali kwamba haelewi. Na kipimo chako kikikudai uivunje heshima ya mtu kwanza, kitupe kipimo hicho utafute kingine. Kabla ya kwenda Rumonge nilikuwa na siku kadhaa za kufikiri hivyo, sikufikiri.

Mungu akujalie akili isiyotosheka na subira ya kusikiliza. Wazee wakufungulie milango yao, na utoke humo wakiwa bado wanakuombea heri.

Bibi tulimzika Rumonge. Baada ya arobaini, Bibi Mwajuma alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Kabla ya safari yetu ile, mimi nilikuwa nimemtajia kwa simu majina ya wageni. Bibi akamtaka kwa ishara ayarudie, na kwa siku nne wakafanya mazoezi, ili tukishamsalimia atukaribishe kila mtu kwa jina lake. La Nadine lilimshinda. La Didier alikuwa ameliweza.